Kuiamuru Kompyuta kwa Maandishi

Kikundi chenye kompyuta kuukuu si lazima kinunue programu za bei. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991, haina malipo. Aina yake moja, Ubuntu (ndiyo, ni ndugu ya neno letu utu), ilitolewa mwaka 2004.

Picha za kubofya zipo, lakini tunawashauri makatibu wajue pia kuandika amri. Fungueni dirisha liitwalo Terminali, andikeni, kisha mbonyeze Enter.

Amri ya pwd inawaambia mko folda gani. Amri ya ls inaonyesha vilivyomo. Mkiandika mkdir michango mnapata folda mpya, cd michango inawaingiza ndani, na cd .. inawatoa. Michango na michango ni folda mbili tofauti, kwa sababu ya ile herufi kubwa. Tena msiache nafasi katika jina: andikeni mkopo-juni, la sivyo mashine itadhani ni vitu viwili.

Sasa rm. Hilo ni panga. Inafuta faili bila kuuliza, wala haipiti kwenye pipa la taka. Daftari likinyeshewa hubaki kurasa za kusomeka. Hesabu iliyofutwa hivi ni vigumu kuirudisha, na hapo ndipo wanachama huanza kushukiana nani alilipa. Kwa hivyo andikeni rm -i, itawauliza kwanza: y ni kufuta, n ni kuacha.

Kabla ya kugusa hesabu yoyote toeni nakala: cp -i mkopo-juni.ods nakala-juni.ods. Nakala nyingine ikae kwenye flashi kwa mweka hazina, si kwa katibu.