Kifafa si Wazimu

Tuseme kijana wa Mbaha, kando ya Ziwa Nyasa, anaanguka ghafla ufukweni, akitetemeka na kutokwa povu. Wapo watakaosema ana wazimu. Je, wewe utasema nini?

Daktari hakati shauri upesi. Humwuliza aliyeshuhudia: alianguka vipi, kwa muda gani, ni mara ya ngapi? Hupima damu pia, kwani malaria ikipanda kichwani huleta degedege.

Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, kifafa kimo katika fungu la magonjwa ya neva, si la maradhi ya akili. Wazimu nao si aibu. Una dawa zake, ila ni nyingine.

Kule Mahenge, mkoani Morogoro, Daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wagonjwa waliokuwa wakitengwa kwa hofu walipata nafuu kwa vidonge.

Basi, jina lisilo sahihi humnyima mgonjwa dawa. Naye akiikosa, aweza kuangukia motoni au majini. Mpeleke zahanati, na wewe uliyemwona akianguka ufuatane naye.