Kutoka Mlima wa Theluji hata Bonde la Mauti

Katika California, upande wa magharibi wa Marekani, umesimama mlima Whitney, wenye urefu wa mita 4,421. Katika majimbo 48 yaliyoshikana ya nchi ile hakuna mlima unaoupita. Na kilometa 136 tu kutoka hapo, ukipima kwa mstari ulionyoka, liko bonde la Badwater, mita 86 chini ya usawa wa bahari. Katika Amerika ya Kaskazini yote hakuna nchi kavu iliyo chini kuliko hiyo.

Njia hiyo tuliisafiri mwezi wa kumi, tukiwa wageni wa jamaa moja: baba, mama, mtoto wao wa miaka saba, na bibi mzee, mama yake baba. Walikuwa wamekodi motokari kubwa iliyo nyumba kamili, yenye vitanda, jiko, meza na tangi la maji.

Shauri juu ya maji

Asubuhi, katika mji mdogo wa Lone Pine, chini ya mlima, palizuka mabishano.

“Mama, maji ni mazito,” alisema mwenyeji wetu. “Lita 150 ni kilo 150, na mbele yetu kuna mpando mkali. Tutajaza tukifika chini.”

“Mwanangu,” bibi akajibu, “jaza tangi.”

Akajaza, ingawa alinung'unika.

Tuliiacha milima ya Sierra Nevada nyuma yetu. Milima hiyo ndiyo inayoifanya nchi ya mbele kuwa jangwa: upepo wa baharini ukiipanda hupoa na kumwaga mvua yake upande ule, kisha huvuka mikono mitupu. Katika Bonde la Mauti mvua ya mwaka mzima, kwa wastani, haizidi sentimeta 6 hivi. Na tarehe 10 Julai 1913 joto lilipimwa humo kuwa nyuzi 56.7.

Padri wa jangwa

Kabla ya kuteremka tulisimama mahali panapoitwa kwa jina la Padri John Crowley. Padri huyo alizunguka jangwa hili kwa motokari akiwatembelea Wakristo wake waliotawanyika, mpaka alipokufa kwa ajali ya barabarani mwaka 1940. Alikuwa mmoja wa waliotengeneza sherehe ya mwaka 1937, barabara hii ilipofunguliwa. Maji yalitekwa katika ziwa Tulainyo, juu karibu na Whitney, yakapokezanwa na mkimbiaji, na wapanda farasi, na gari la kukokotwa, na treni, mwisho na ndege, hata yakamwagwa Badwater. Waliiita arusi ya maji.

Katika mpando

Sisi nasi tulikuwa tumebeba maji, bila kujua yatatufaa nini. Kutoka bonde la Panamint barabara hupanda mita zaidi ya 900 hata kilele cha Towne, mita 1,511. Katikati ya mpando moshi mweupe ukatoka mbele ya motokari. Mpira wa kupitishia maji ya mtambo, ambao waliotukodisha hawakuubadilisha, ulikuwa umepasuka. Simu haikushika. Jua lilikuwa utosini.

Mwenyeji wetu alitaka kufungua kifuniko mara moja. Mkewe akamshika mkono, maana maji yachemkayo humrukia mtu usoni. Basi tulikaa saa mbili kivulini mwa motokari, tukinywa na kumlowesha mtoto kichwa. Mtambo ulipopoa tuliufunga mpira kwa utepe mgumu, tukaongeza maji ya tangi. Mara tatu tulisimama na kuongeza tena. Jioni tukateremka polepole, kwa gia ndogo, hata chini.

Jina la Bonde la Mauti lilitoka kwa wageni waliopita humo mwaka 1849 wakitafuta dhahabu. Lakini watu wa kabila la Timbisha Shoshone wamekaa humo tangu kale, na hata leo wanakaa, kwa sababu wanazijua chemchemi zilipo.

Kesho yake tulisimama Badwater juu ya chumvi nyeupe. Mwenyeji wetu alichota bilauri ya maji yaliyobaki katika tangi, akampa mama yake kwa mikono miwili, asiseme neno. Bibi akanywa, akacheka.

Akiba haiozi.