Uteuzi wa Kikuza Nguvu cha Bendi Pana kwa Redio ya Programu Yenye Nguvu Ndogo

Redio inayoendeshwa na programu ina uhuru mkubwa wa masafa lakini nguvu yake ni haba. HackRF One, kwa mfano, hufanya kazi kuanzia MHz 1 hadi GHz 6, ilhali chini ya MHz 2170 hutoa takribani dBm 5 hadi 15 tu, na juu ya GHz 4 hushuka chini ya dBm 0. Kwa kuwa redio yenyewe ni ya bendi pana, mnunuzi huvutwa na kikuza nguvu cha bendi pana pia.

Hesabu ya awali ni nyepesi: kutoka dBm 10 (miliwati 10) hadi dBm 37 (wati 5) panahitajika ukuzaji wa desibeli 27. Ugumu uko katika kuzisoma hizo wati 5. Mara nyingi wati zinazotangazwa na muuzaji ni za kikuza kilichokwisha kushiba, ambapo kuongeza ishara ya kuingia hakuongezi tena nguvu ya kutoka. Kipimo chenye manufaa ni nguvu iliyopo pale ukuzaji unapopungua kwa desibeli 1, tena katika masafa yatakayotumika. Kwa FM, ambayo kimo chake hakibadiliki, kushiba si tatizo kubwa. Kwa OFDM, ambayo vilele vyake vyaweza kuzidi wastani kwa desibeli 10, kikuza chenye kipimo hicho cha dBm 37 kitatumika kwa wastani wa dBm 27, yaani nusu wati. Kikisukumwa zaidi, ishara hupotoka na kumwagikia chaneli za jirani.

Suala la pili, ambalo kwa kweli ndilo zito zaidi, ni harmoniki. Kikuza cha bendi pana hakichagui: hukuza pia uchafu uliotoka kwenye redio, kisha huongeza wake. Ishara ya MHz 145 ina harmoniki ya tatu kwenye MHz 435, ndani ya bendi nyingine ya redio za ridhaa. Kichujio kimoja kinachopitisha hadi MHz 450 hakiwezi kuizuia. Nchini Marekani, kanuni za FCC kwa redio za ridhaa kati ya MHz 30 na 225, zenye nguvu isiyozidi wati 25, hutaka mawimbi yasiyotakiwa yawe chini kwa angalau desibeli 40 na yasizidi mikrowati 25. Kwa wati 5, sharti hilo la pili ni sawa na desibeli 53. Hivyo kila bendi huhitaji kichujio chake baada ya kikuza, na bei ya vichujio hivyo yapasa kuhesabiwa ndani ya bei ya kikuza. Anayetumia bendi moja tu ana sababu ndogo ya kununua upana asiouhitaji.

Joto nalo lisisahauliwe: kwa ufanisi wa asilimia 30, wati 5 za redio huambatana na takribani wati 12 za joto.

Mwisho ni ubadilishaji wa kutuma na kupokea. HackRF One hutumia tundu moja la antena kwa kazi zote mbili, nalo halistahimili zaidi ya dBm -5 wakati wa kupokea. Kikuza kisicho na swichi ya kukikwepa huziba njia ya kupokea; na chenye swichi inayochelewa chaweza kurudisha dBm 37 ndani ya redio yenyewe.