Debe la Julai halifiki Aprili

Mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai nyuma ya jiko la shule moja ya msingi mkoani Dodoma hayakufanana. Huku punje nene, nyeupe, zilizokauka sawasawa. Kule punje ndogo za njano, nyingine zimetobolewa na dumuzi kiasi kwamba ukizishika zinakuachia unga kiganjani. Mtama ulikuwa umechanganyika humo humo, pamoja na kokoto na vipande vya magunzi. Mbali kidogo na turubai ulikuwepo ungo wenye punje zilizoota ukungu, nyingine za kijani, nyingine nyeusi kabisa.

Nilifika pale kwa ajili ya habari ya madarasa mapya. Nikaishia kwenye kigoda, kando ya mama aliyekuwa akichambua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa, ila usikanyage chakula cha watoto."

Yeye ndiye mpishi wa shule. Jina lake aliomba lisiandikwe, kwa kuwa kibarua chake kiko mikononi mwa kamati ya shule na malipo yake yanatokana na michango ya wazazi. Michango ikichelewa, naye anachelewa. Kazi anaifahamu kuliko mtu yeyote niliyewahi kuongea naye kuhusu chakula cha shule, wakiwemo wenye ofisi na viyoyozi.

Alichota konzi moja akaifungua mbele yangu. "Haya yametoka nyumba iliyovuna vizuri. Haya ni ya mwaka juzi, yalikuwa chini kabisa ya kihenge. Na haya yamenyeshewa, mwenyewe kayaingiza ndani kabla hayajakauka." Hakutaja nyumba hata moja. Naamini anazijua zote.

Kila mzazi anatakiwa kupeleka debe moja la mahindi na kilo kadhaa za maharage kwa mwaka, pamoja na pesa kidogo ya mashine, chumvi na mpishi. Kwa hiyo sufuria ya shule inapokea mavuno ya kijiji kizima: ya aliyepata na aliyekosa, ya mwenye ghala na mwenye kiroba kimoja chini ya kitanda. Debe zuri likimwagwa juu ya debe bovu, yote yanakuwa mabovu. Ndiyo maana mama huyu hachanganyi kabla ya kuchambua. Anapepeta, anatoa kokoto, anatenga zenye ukungu, na zile zenye dumuzi anazirudisha juani. Vidole vyake vinakwenda haraka bila yeye kutazama, halafu ghafla vinasimama kwenye punje moja, vinaitoa, vinaendelea.

Nilimuuliza kwa nini debe bovu lisirudishwe lilikotoka.

"Nimrudishie nani?" alisema. "Nikilikataa, mtoto hatiwi tiki kwenye daftari. Napokea, nachambua. Likibaki nusu, basi ni nusu."

Uchambuzi huo ni suala la uhai. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mahindi ndiyo yaliyoibeba. Inatokana na kuvu wanaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri, na kuchemsha hakuiondoi. Kutoa punje zenye ukungu kunapunguza hatari, lakini sumu yenyewe haionekani kwa macho. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, hapokei mahindi bila kupima unyevu. Mahindi yanayoliwa na mamia ya watoto katika shule hii yanapimwa kwa macho ya mama mmoja na ungo wake. Je, shule ngapi hazina hata mama kama huyu?

Tulifikaje hapa, wengi tunajua. Elimu bila ada ilianza Januari 2016. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka huo ukagawa majukumu: serikali ilipie uendeshaji, mitihani na chakula cha wanafunzi wa bweni, mzazi abaki na sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa. Mwaka 2021 ukaja mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni, na Septemba 2022 Rais akasaini mikataba ya lishe na wakuu wa mikoa. Ni hatua nzuri. Lakini anayejaza sufuria bado ni mzazi.

Hesabu yake inauma. Elimu bila ada ilipoanza, mwanafunzi wa bweni alipangiwa Sh1,500 za chakula kwa siku. Mwanafunzi wa shule ya msingi alipangiwa ruzuku ya Sh10,000 kwa mwaka mzima, na kazi yake ni vitabu, chaki, mitihani na ukarabati. Ukiigawanya kwa siku 194 za masomo unapata kama Sh51 kwa siku, na ndani yake hamna hata senti ya uji. Anayelala shuleni analishwa. Anayetoka nyumbani alfajiri na kutembea kilomita nne, ajue mwenyewe na wazazi wake. Sijapata mtu wa kunieleza kwa nini njaa ya mmoja ni jukumu la serikali na ya mwenzake si jukumu lake.

Halafu kuna kalenda, na hapa ndipo mama alipoacha ungo akanigeukia. Yeye hupima gramu 120 za mahindi kwa mtoto mmoja kwa siku, kwa kikombe cha bati alichokizoea. Debe moja lina kama kilo 18. Linamlisha mtoto siku 150 za masomo, na mwaka una siku 194. Lakini wazazi hawaleti Januari. Wanaleta wakishavuna, yaani Juni na Julai. Hata kama kila nyumba ingeleta, debe la Julai lingemaliza muhula wa pili na kuishia mwezi Machi. Na si kila nyumba inayoleta.

"Januari ndiyo watoto wanakuja na njaa," alisema. "Nyumbani vihenge vimekwisha, watu wako shambani, wanakula mlenda na ugali mara moja kwa siku. Na mimi ndio stoo yangu imekwisha. Natakiwa nipike zaidi mwezi ambao sina kitu."

Mahindi yakipungua, shule huchagua nani ale. Hapa, kama ilivyo katika shule nyingi nchini, wanaobaki kwenye orodha ni darasa la nne na la saba kwa sababu wana mitihani ya taifa. Darasa la awali na la kwanza, wenye matumbo madogo yasiyohimili njaa mpaka mchana, wanarudi nyumbani walivyokuja. Mama hapendi kulizungumzia hilo. Alisema tu kwamba siku za makande anafunga mlango wa jiko upande wa madarasa ya wadogo, ili harufu isiwafikie.

Na wale ambao wazazi wao hawakuchanga? Waraka unakataza mtoto kufukuzwa shule kwa sababu ya mchango, lakini hausemi lolote kuhusu bakuli lake. "Mwalimu ana daftari, mimi nina upawa," alisema. "Mtoto akisimama mbele yangu namtilia." Kamati imeshamkanya. Wazazi waliotoa debe walilalamika: kama wa jirani anakula bure, sisi tunachangia nini? Mwaka uliofuata madebe yalipungua. Malalamiko yao nayaelewa. Na mtoto aliyesimama na bakuli nimemwona pia. Ukiupa mchango wa hiari kazi ya bajeti, kijiji lazima kigombane.

Kuni ni shida nyingine: kila mtoto huleta kipande, wakati serikali imezikataza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kutumia kuni na mkaa. Jiko la gesi shule hii haina. Maji yanakuja na madumu vichwani mwa watoto.

Inawezekana kufanya vingine. Jijini Nairobi, kuanzia 2023, mpango wa chakula shuleni wa Dishi na County unamtoza mzazi Sh5 za Kenya kwa sahani na kaunti inaongeza Sh25. Mzazi bado anachangia, lakini uzito hauko kwake. Tukisema Sh300 zetu kwa mtoto kwa siku, kwa siku 194, ni Sh58,200 kwa mwaka. Kwa watoto milioni 10 ni Sh582 bilioni. Ni pesa nyingi, sikatai. Lakini hakuna anayelazimika kuanza na zote. Mahindi tu, kuanzia Januari hadi Aprili, katika mikoa ya mvua moja kama Dodoma na Singida, yangeziba pengo lile lile ambalo debe la Julai halilifikii. NFRA ina maghala Kizota, hapo hapo Dodoma, na hununua kwa wakulima hawa hawa. Yaliyo ghalani yameshapimwa.

Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Muulize mbunge wako kama fungu la elimu mwaka huu lina hata mstari mmoja wa chakula cha mwanafunzi wa kutwa, na akikujibu kwamba hilo ni la wazazi, muulize wazazi hao huwa na nini ghalani mwezi Februari. Na wewe uliyevuna, kabla hujapeleka debe lako shuleni, lianike juani mpaka likauke kabisa.