Dola Ikipanda, Akiba Yako ya Shilingi Uifanyie Nini?

Mwishoni mwa Januari 2024, dola moja ya Marekani ilikuwa imevuka shilingi 160. Kwenye matatu, kwa kinyozi, kwenye mikutano ya chama, stori ilikuwa moja: shilingi imekwisha, mwenye akili anaweka dola. Miezi miwili baadaye dola ile ile ilikuwa karibu shilingi 131.

Fanya hesabu. Aliyepeleka shilingi 32,000 kwenye duka la kubadilisha pesa wakati dola iko 160 alipata dola 200. Kufikia mwisho wa Machi, dola hizo 200 zilikuwa na thamani ya shilingi 26,200, na hapo bado hatujatoa faida ya mwenye duka, maana anakuuzia dola kwa bei ya juu na kuinunua kwako kwa bei ya chini. Kama pesa hiyo ilikuwa ya karo ya muhula wa pili, shilingi 5,800 zimeenda na mtoto bado anangoja.

Hofu ya watu haikuwa ya bure, lazima tuseme ukweli. Mwaka 2023 ulianza dola ikiwa karibu 123, na kila wiki ilikuwa inapanda kidogo. Petroli Nairobi ilifika shilingi 217.36 kwa lita Oktoba mwaka huo. Wenye umri nao wanakumbuka 1993, mfumuko wa bei ulipofika karibu asilimia 46 na pesa ya mshahara ikawa inayeyuka kabla ya tarehe 15. Mtu aliyepitia hayo, ukimwambia atulie kwa sababu shilingi itarudi, atakuangalia tu.

Lakini kuna mwaka mwingine ambao watu huusahau. Oktoba 2011 dola ilipanda hadi karibu 107, nchi nzima ikashtuka. Benki Kuu ikapandisha riba yake hadi asilimia 18, na mwaka ulipoisha dola ilikuwa imerudi karibu 85. Aliyekimbilia dola Oktoba alifunga mwaka akihesabu hasara. Miaka 12 baadaye mchezo ukarudiwa, na wengi tukawa hatukumbuki.

Kwa nini ilianguka, kwa nini ikarudi

Sababu kubwa ya 2023 ilikuwa deni. Kenya ilikuwa na mkopo wa Eurobond wa dola bilioni 2, uliochukuliwa 2014, ambao ulipaswa kulipwa Juni 2024. Wenye pesa nyingi walikuwa wanajiuliza kama serikali itaweza kulipa. Marekani nayo ilikuwa imepandisha riba, kwa hivyo dola zilikuwa zinavutwa kwao. Kila aliyekuwa na dola akaishikilia. Machi 2023, dola ikiwa karibu 130, Rais William Ruto aliwaonya hadharani wanaoficha dola kwamba watapata hasara karibuni. Dola iliendelea kupanda kwa miezi mingine kumi.

Februari 2024 serikali ilichukua mkopo mpya wa dola bilioni 1.5 na kununua sehemu kubwa ya ule wa zamani kabla siku yake haijafika. Hofu ikashuka. Mwezi huo huo ikauza hati za dhamana za miundombinu za miaka 8 na nusu, zenye riba ya zaidi ya asilimia 18 isiyokatwa kodi. Ilikuwa inatafuta shilingi bilioni 70, ikaletewa maombi ya zaidi ya bilioni 280, mengine kutoka kwa wageni waliolazimika kuuza dola zao ili wapate shilingi za kununulia. Hebu fikiria hapo: wakati mwananchi wa kawaida anapanga foleni kutoroka shilingi, wenye pesa kubwa walikuwa wanapigania kuingia.

Hata Rais hakupata tarehe sawasawa. Kwa hivyo yule jamaa wa grupu ya WhatsApp anayekuambia dola itafika 200 kufikia Krismasi, msikilize kwa heshima, umalize chai yako.

Dola na sufuria si kitu kimoja

Hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Kati ya Oktoba 2022 na Oktoba 2023, dola ilipanda kutoka karibu 121 hadi karibu 150, yaani karibu robo. Katika muda huo huo, bei za bidhaa kwa jumla, kwa hesabu ya Shirika la Taifa la Takwimu, zilipanda kwa asilimia 6.9. Dola ilienda mbio, sukuma wiki ikaja nyuma polepole.

Sababu ni kwamba maisha ya wengi wetu hayalipiwi kwa dola. Kodi ya nyumba, karo, nauli, maziwa, mboga, mchango wa harusi: zote ni shilingi. Mafuta, ngano na dawa za kutoka nje huumizwa na dola, ndiyo, na kupitia mafuta karibu kila kitu huguswa kidogo. Lakini si kila bei ikipanda ni dola. Unga wa pakiti ya kilo mbili ulipopita shilingi 200 katikati ya 2022, ukame na vita vya Ukraine vilikuwa na mkono mkubwa. Petroli ilipopanda Julai 2023, ushuru wa VAT juu ya mafuta ulikuwa umetoka asilimia 8 hadi 16. Ukiweka dola ili ujikinge na ushuru, umenunua mwavuli wa kuzuia vumbi.

Basi swali la kujiuliza ni: hii akiba nitainunulia nini, na lini? Jibu likiwa karo ya Januari, iweke kwa shilingi. Dola inaweza kushuka wiki ile ile shule inafunguliwa.

Wapo wanaohitaji dola kweli. Mzazi mwenye mtoto chuoni nje ya nchi. Mfanyabiashara anayeagiza simu Dubai au mitumba China. Anayejiandaa kwenda Hija. Hao gharama yao iko kwa dola, na kisheria Mkenya anaweza kufungua akaunti ya dola benki bila shida. Kwao ushauri wetu ni kununua kidogo kidogo kila mwezi badala ya kungoja siku ya hofu. Pia ni afadhali dola ikae benki kuliko chini ya godoro, maana noti ndogo ndogo au za zamani mara nyingi hununuliwa kwa bei ya chini, na noti iliyochanika inaweza kukataliwa kabisa.

Tusisahau pia kuna nyumba zilizokuwa zikifurahi. Wakenya walio nje walituma nyumbani dola bilioni 4.19 mwaka 2023, na mama anayetumiwa dola 200 kila mwezi alipokea shilingi nyingi zaidi kila dola ilipopanda. Iliposhuka Machi, malalamiko yalitoka kwake. Kama unategemea pesa ya kutumiwa, usipange matumizi ya kila mwezi kwa bei ya dola ya siku nzuri.

Pesa iliyolala

Methali inasema akiba haiozi. Pesa, kwa bahati mbaya, huoza polepole. Shilingi 10,000 uliyoiacha kwenye simu Oktoba 2022 bado ilikuwa 10,000 mwaka mmoja baadaye, lakini vitu ilivyoweza kununua vilikuwa vya kama shilingi 9,350 za awali. Salio la simu ni la kutumia: nauli, tokeni, dharura ya usiku. Tunasema hivi tukijua sisi ndio tunaokuhifadhia hilo salio.

Kinachozidi matumizi ya mwezi kihamishe mahali kinapolipwa riba. Mifuko ya soko la fedha, ambayo wengi huiita MMF, mingine huanza na shilingi mia chache, unaweka na kutoa kupitia simu, na pesa hurudi kwa siku mbili tatu. Mwaka 2024 mingi ililipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka kabla ya kodi. Viwango vimeshuka tangu hapo, kwa hivyo angalia cha leo. Riba hukatwa kodi ya asilimia 15. Mwenye shilingi 50,000 anaweza kuikopesha serikali moja kwa moja kwa siku 91, 182 au 364 kupitia DhowCSD ya Benki Kuu, bila kupitia kwa mtu wa kati. Sacco nayo ni nzuri kwa anayetaka kukopa baadaye, mradi iwe na kibali cha SASRA, na ujue kwamba amana zako huko huwezi kuzitoa leo kwa leo.

Na ploti, mabati, ng'ombe? Wengi huamini kitu cha kushika kuliko karatasi, na kwa akiba ya miaka mingi wana hoja. Shida ni siku ya hospitali. Ploti haiuzwi kwa kipande, na ng'ombe huuzwa kwa bei ya kutupa wakati kila jirani anauza pia, kama wafugaji wa kaskazini walivyoona katika ukame uliomalizika mapema 2023.

Shilingi ikitikisika, matapeli nao huamka. Utapata ujumbe wa Telegram wa mtu anayefanya forex kwa niaba yako, au sarafu ya kidijitali inayolipa asilimia 5 kwa siku, na namba ya simu ya kutuma pesa ikiwa ya mtu binafsi. Aliyeidhinishwa kusimamia pesa za watu yumo kwenye orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, iliyo wazi kwenye tovuti yao. Tafuta jina lake pale kwanza. Usipoliona, usitume, hata kama aliyekuunganisha ni mtu wa chama chenu.