Ukitembelea Miamba ya Watamu, Linda Mguu na Mkono



Likizo zinapokaribia, vikundi vingi vya vijana na wanafunzi hupanga safari ya pwani. Mahali pamoja panapopendwa ni Hifadhi ya Bahari ya Watamu, kusini ya Malindi nchini Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1968. Maji yanapokupwa, miamba ya matumbawe hubaki wazi, na kati yake hubaki vidimbwi vyenye samaki wadogo, kaa, pweza na viti vya pweza. Ni mahali pazuri pa kujifunza. Lakini yako mambo machache ambayo kila kiongozi wa kikundi yampasa kuyajua kabla ya kuondoka nyumbani.

Jueni saa za maji. Bahari hupwa mara mbili na kujaa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo saa ya jana siyo saa ya leo. Siku za bamvua, yaani mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji hushuka sana na kupanda sana. Waulizeni askari wa hifadhi au wavuvi. Shukeni miambani maji yangali yanapungua, na yakianza kurudi, nanyi rudini. Mara nyingi maji hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yenu, na asiyejua kuogelea hujikuta amezingirwa.

Vaeni viatu vilivyofunika mguu, vyenye soli nene ya mpira. Ndara hazifai, kwani huteleza na kuvuka. Matumbawe hukata kama wembe. Pia yuko samaki mwenye sumu afananaye kabisa na jiwe, na miiba ya mgongoni mwake huweza kupenya hata soli nyembamba.

Macho yaone, mikono isiguse. Msitie mkono katika shimo la mwamba, kwa maana mkunga huuma. Konokono wa baharini mwenye kombe zuri la umbo la pia hutoa mwiba wenye sumu. Pengine mtu hasikii maumivu makubwa, kumbe baadaye pumzi humkatika. Tena, kuokota makombe ndani ya hifadhi kumekatazwa na sheria.

Mtu akiumia, fanyeni hivi:

1. Akichomwa na samaki, taa, au mnyama wa duara mwenye miiba mirefu myeusi, tieni mguu katika maji ya moto kiasi cha kuvumilika, kwa dakika 30 hadi 90. Joto hupunguza maumivu. Mzima ayapime kwanza kwa mkono wake, maana mgonjwa mwenye maumivu huweza kuungua asijue. Msichanje, msifyonze, wala msifunge kamba ya kukaza. Kisha mpelekeni hospitali.

2. Akichomwa na konokono, asitembee. Mlazeni, kiungo kisitikisike, mkimbizeni hospitali mara moja hata akisema hajambo. Pumzi ikikoma, mpulizieni mdomo kwa mdomo mpaka mfike.

3. Akikatwa na matumbawe, osheni jeraha kwa maji safi mengi na sabuni, mtoe chembe zote, mfunike kwa kitambaa safi. Msitie majivu wala mafuta ya taa. Aulizwe kama amepata sindano ya pepopunda.

Wenye ugonjwa wa sukari wajihadhari zaidi. Miguu yao pengine haisikii maumivu, na jeraha dogo lililodharauliwa huweza kumfanya mtu akatwe mguu. Wajikague nyayo jioni ile ile.

Kwa wale watakaopita pia katika njia za msitu wa Arabuko-Sokoke ulio karibu, kofia na maji ya kunywa ya kutosha visisahaulike.

Basi, kabla ya gari kuondoka, kiongozi akague miguu ya watu wake: asiye na viatu abaki ufukweni. Afadhali mtoto anune saa moja kuliko kulazwa mwezi mzima.