Osa na Strela: Makombora ya Kuzuia Ndege

Wavulana wa bweni letu wakianza kubishana juu ya silaha, huuliza jambo moja tu: ipi inafika mbali? Kwa vifaa vya kuzuia ndege vinavyochukuliwa na magari, mimi naona swali hilo halitoshi. Ndugu msomaji, uliza kwanza kifaa chenyewe kinaonaje.

Nitalinganisha viwili vilivyoundwa zamani katika Urusi ya Kisovieti. Vyote viwili vilipigana Angola mwaka 1987 na 1988, upande wa jeshi la serikali ya nchi hiyo na rafiki zake wa Kuba.

Cha kwanza ni Osa, yaani nyigu. Ni gari la magurudumu 6 ambalo huweza hata kuogelea mtoni. Juu yake pana rada ya kutafuta ndege, rada ya kuifuata, na makombora 6 ndani ya masanduku (aina za mwanzo zilikuwa na 4). Kombora la Osa halina macho. Rada huitazama ndege na kombora kwa pamoja, na amri hupelekwa kwa redio. Ni kama ule mchezo wa kumfunga mwenzio kitambaa usoni, kisha ukamwelekeza: kushoto, kulia, mbele! Hufika kilomita 10 hivi, na wingu haliizuii rada.

Cha pili ni Strela-10, yaani mshale. Hiki huenda kwa minyororo kama kifaru, kina makombora 4 tayari, na hufika kilomita 5 tu. Lakini kombora lake lina jicho. Hufuata joto la injini, au umbo la ndege linavyotofautiana na mwanga wa mbingu. Likishafyatuliwa, mpigaji hana kazi nalo tena. Taabu yake ni kwamba lazima kwanza aione ndege. Ukungu ukitanda, hana la kufanya.

Kwa kipimo cha bwenini, Osa imeshinda mara mbili. Walakini rada ni kama tochi gizani: mwenye kuiwasha huona, naye huonekana. Ndege ya vita huwa na chombo cha kumwonya rubani kwamba anamulikwa. Jicho la Strela halimmuliki mtu, basi rubani huenda asijue neno mpaka kombora liko njiani.

Marubani wa Afrika Kusini waliyaogopa makombora haya kwa haki. Waliruka chini chini karibu na miti, wakapanda ghafla, wakalirusha bomu kutoka kilomita kadhaa na kugeuka mbio. Bomu la namna hiyo si rahisi kupata shabaha. Kwa hiyo Osa ilikuwa ikifanya kazi hata siku ambayo haikuangusha kitu, jambo ambalo wabishi hawalihesabu kamwe. Strela nayo, tarehe 20 Februari 1988, iliangusha ndege aina ya Mirage F1, na rubani wake akafa.

Osa ilikwisha patwa na msiba wa namna nyingine. Tarehe 3 Oktoba 1987, kando ya mto Lomba, brigedi ya 47 ya Angola ilivunjwa na majeshi ya nchi kavu ya Afrika Kusini, na Osa ikatekwa pamoja na zana nyingine. Maadui walitokea msituni kwa magari ya deraya, na rada zake zilijengwa kutazama juu.